Peru, Bolivia au Ecuador: milima na msitu pamoja na watoto watatu, tuanzie wapi?

MamaTatu (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Miaka yote nimekuwa nasoma nyuzi za wenzangu bila kuchangia, leo nimekuja na shida yangu mwenyewe.

Tuko Texas, mimi na baba watoto na watoto watatu: wa kwanza miaka 13, wa pili 9, kitinda mimba 5. Kila likizo tunarudi Tanga, na kila tukirudi Tanga hela yote inaishia kwenye michango ya harusi. Mwaka huu tumekubaliana kwamba Julai tunakwenda Amerika ya Kusini. Tuna siku 19 ukitoa za ndege. Tunataka Andes na msitu wa Amazon katika safari moja, na hatutaki kushinda viwanja vya ndege. Hoteli ya bwawa la kuogelea tunayo hapa mtaani, hiyo hapana.

Nimechekecha nikabakiwa na tatu. Peru: Cusco na Machu Picchu, kisha kushukia Manu au Puerto Maldonado. Bolivia: La Paz, kisha Rurrenabaque. Ecuador: Quito na volkano zake, kisha Tena au Cuyabeno.

Mkubwa anataka Machu Picchu, kabandika picha yake mlangoni. Wa pili anataka nyoka. Mdogo anataka llama na hataki kutembea. Baba yao alipanda Kilimanjaro mwaka 2006 akafika Uhuru, kwa hiyo nikitaja ugonjwa wa mwinuko ananitazama kama namfundisha rubani kuendesha daladala.

Kihispania changu ni cha kununulia nyanya. Naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

Chizi_wa_Stendi

Usambara iko pua na mdomo na kwenu Tanga, msitu upo, mlima upo, kinyonga wapo. Ila sawa, mwenye hela zake hana baya.

MamaTatu

Lushoto tumekwenda mara sita mkuu. Tuendelee.

Bin_Saidi

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Madrid mwaka wa kumi na tano. Bolivia nimekwenda na mke wangu na binti yetu akiwa na miaka minane, basi nakueleza niliyoyaona kwa macho.

Ukitaka msitu wenye wanyama wanaoonekana, Bolivia haina mpinzani kwa bei yake. Rurrenabaque ni mji mdogo kando ya mto Beni. Kutoka pale unachagua: ama msitu mnene wa Madidi, ama mbuga za majimaji za mto Yacuma, ambazo wao wanaziita pampas. Kwa watoto chagua Yacuma. Msituni wanyama wamejificha kwenye majani, mtoto anachoka shingo kutazama juu. Yacuma umekaa ndani ya mtumbwi wa mashine, na kingoni kumelala mamba wao wale wadogo, kasa wamepangana juu ya gogo moja kama sahani kabatini, kapibara wanatafuna nyasi. Kwenye kona za mto pomboo wa rangi ya waridi wanainua mgongo. Julai ni kiangazi huko, maji yamepungua, kila kitu kimesogea mtoni.

Sasa ubaya. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, mita 4,061. Tulitua usiku. Binti yangu alishuka kwenye ndege anaruka, saa tatu baadaye anatapika na kichwa kinampasuka. Hotelini wana mitungi ya oksijeni mapokezi kama wengine walivyo na birika la kahawa, ujue wameshazoea. Asubuhi hatukungoja kitu, tukachukua gari tukateremka Coroico, iko mita kama 1,700 upande wa Yungas. Adhuhuri mtoto anaomba chakula.

Na hapo Coroico nikapata kitu ambacho sikukitafuta. Jirani pale kuna kijiji cha Tocaña, watu wake weusi kama mimi na wewe. Ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye migodi ya fedha ya Potosí, baadaye mashamba ya Yungas. Ngoma yao wanaiita saya. Wana hata mfalme, Julio Pinedo, anaishi kijiji cha Mururata, serikali ya mkoa ilimtambua rasmi mwaka 2007. Mama mmoja alimshika binti yangu nywele akazisuka palepale kibarazani bila kuuliza jina. Sisi tulikaa siku nne tulipopanga moja.

Jambo la mwisho: muulize wakala kabla hujalipa kama waongozaji wake wanashika wanyama. Yule wetu, simtaji, alikuwa akimtekenya mamba kwa kasia ili watalii wapige picha. Nilimkataza, akaniona mkorofi.

KasukuMwekundu

Bin_Saidi umeeleza vizuri, lakini umesahau bloqueos. Bolivia wakikasirika wanafunga barabara kwa mawe na matairi, na wanakasirika mara nyingi. Na miaka ya karibuni mafuta yamekuwa ya foleni. Kwa mtu mwenye siku 19 hiyo si hadithi ndogo.

Bin_Saidi

Kweli, mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili. Lakini Peru nao je? Mwanzoni mwa 2023 si walifunga hata Machu Picchu kwa maandamano?

KasukuMwekundu

Walifunga, sikatai.

Dada, mimi ni Mkenya, niliishi Cusco miaka miwili nikifundisha Kiingereza. Nitaongea Peru tu kwa sababu ndiyo naijua, na nitatumia nafasi kubwa kuhusu barabara ya Manu, maana watu wengi wanaiona kama njia ya kufikia mahali, na mimi naona barabara ndiyo mahali penyewe.

Kwanza niondoe hofu ya Machu Picchu. Watu wanadhani iko juu ya mawingu yote. Iko mita kama 2,430, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima. Ugumu wake ni tiketi: zinauzwa kwa saa na kwa mzunguko, na Julai zinaisha mapema mno, kwa hiyo nunua hizo kabla hujanunua hata soksi. Ile njia maarufu ya Inka ya siku nne sahau, kuna kizingiti cha mita 4,215 na mtoto wa miaka mitano utambeba wewe. Panda treni kutoka Ollantaytambo. Au kama mnataka vituko kidogo, kuna gari hadi mahali panaitwa Hidroeléctrica, halafu mnatembea kilomita kama kumi kando ya reli, njia tambarare, ndizi huku na mto huku. Mdogo wako atalalamika saa ya kwanza, ya pili atakuwa anahesabu mataruma.

Sasa Manu. Kutoka Cusco unakwenda Paucartambo, saa tatu hivi, mji wa mawe na vibaraza vya buluu. Baada ya hapo ni nyasi kavu za mlimani, kondoo, baridi ya koti. Unapanda hadi Acjanaco, mita 3,500 na kitu, gari linasimama ukingoni na ardhi inaisha. Mbele yako hakuna bonde, kuna mawingu tu, meupe, yamelala kama maziwa yaliyoganda. Dereva anapiga gia anaingia ndani yake.

Nusu saa baadaye miti imefuga ndevu za ukoga na kila kitu kinadondosha maji. Unavua koti. Kona ishirini mbele unavua sweta. Maua ya okidi yananing'inia barabarani, na maporomoko mengine yanamwagika juu ya barabara yenyewe, gari linapita chini yake. Mahali panaitwa San Pedro, mita 1,500 hivi, kuna uwanja wa tunki, ndege wa taifa wa Peru. Ana rangi ya chungwa la kuiva na kichwa kama kavaa kofia ya chuma. Madume yanakusanyika alfajiri na jioni kwenye matawi yaleyale kushindana kucheza, na jike mmoja wa kahawia anakuja, anatazama, anaondoka bila kusema kitu. Mkikaa kimya mnaona. Jioni umeshavaa fulana tu, uko Pilcopata, unasikia vyura. Umeondoka kwenye barafu ya asubuhi ukalala kwenye joto la Mombasa, bila kupanda ndege.

Kutoka bandari ya Atalaya ni boti. Hapo kuna uamuzi: ndani kabisa ya hifadhi ya Manu unaingia na kampuni zenye kibali tu, inakula siku nyingi na hela nyingi. Ukanda wa nje unatosha kwa familia. Kasuku wakubwa wanakuja kula udongo kwenye kingo za mto, nyoka wa wa-pili-wako wapo, ingawa usimwahidi.

Puerto Maldonado ni rahisi zaidi, ndege fupi tu kutoka Cusco, na huko Tambopata kuna wanyama sawasawa. Lakini ukiruka juu ya mawingu yale umeiruka safari.

Mgumu_wa_Marangu

Nawasalimu wote. Mimi Amerika ya Kusini sijafika na huenda nisifike. Ila nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa na kuongoza wageni miaka kumi na moja, mwinuko naujua.

Mleta mada, unalinganisha nchi. Mlima hausomi pasipoti. Linganisha vitanda. Swali ni moja kila jioni: leo watoto wanalala mita ngapi, na jana walilala ngapi? Mchana mpande mtakavyo, ila mlale chini. Ndiyo maana mgeni wetu wa Marangu analala Mandara mita 2,700, kesho yake Horombo 3,720, na mwenye akili analala Horombo usiku wa pili kabla ya Kibo.

Sasa chukua hesabu zenu. La Paz penyewe ni kama 3,640, uwanja 4,061. Mtu aliyeamka Texas usawa wa bahari anashushwa juu ya Horombo, na mtoto wa miaka mitano mgongoni. Mimi mgeni wangu nikimfanyia hivyo wananinyang'anya leseni. Cusco 3,400, si mbali na Horombo. Quito 2,850, hiyo ni Mandara na ngazi chache. Nimeangalia ramani, kule bonde la Urubamba karibu na Cusco mji wa Ollantaytambo uko 2,790. Kwa hiyo Peru inawezekana, ila mkitua Cusco msilale Cusco. Ingieni garini mteremke siku ileile. Cusco mje kulala baadaye, wiki ya kwanza ikiwa imekwisha.

Na huyo mzee wa 2006, nampa heshima yake, Uhuru si mchezo. Lakini mwili hautunzi cheti. Nimewahi kumteremsha kwa machela mtu aliyepanda mara tatu akiwa mzima kabisa.

MamaTatu

Nimemsomea baba watoto kwa sauti. Kasema "huyo mgumu anajua anachosema" halafu akaenda kuosha gari.

Muuguzi_wa_Zamu

Nakazia aliyosema Mgumu, naongeza ya hospitali.

Mtoto mkubwa atakwambia kichwa kinauma. Wa miaka mitano hatakwambia. Utamwona amekuwa mkorofi bila sababu, hataki kula, hataki kucheza, usingizi wa kukatika. Mkiwa juu, mtoto wa namna hiyo mhesabu ana ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo, na dawa ya kwanza ni kuteremka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au anakosa pumzi akiwa amekaa, hakuna kusubiri asubuhi. Dawa ya acetazolamide ipo na inasaidia, ila kipimo cha mtoto kinatolewa na daktari kwa kilo zake, na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Chai ya majani ya koka watawapa kila hoteli, ni halali Peru na Bolivia, mkubwa akinywa hana shida. Msirudi nayo Marekani hata kijani kimoja kwenye mkoba.

Chanjo ya homa ya manjano: msitu wa nchi zote tatu inahitajika, mchome angalau siku kumi kabla. Kama mna zile kadi za njano za safari za nyumbani, angalieni kabatini. Tangu 2016 sindano moja inahesabiwa ya maisha.

Malaria: jamani, msije mkasema "sisi watoto wa Tanga". Kinga ile inaisha ukikaa nje miaka, na watoto waliozaliwa Texas hawakuwa nayo kabisa. Muulizeni daktari wa safari kuhusu eneo hasa mnalolala, maana inatofautiana mto hadi mto.

Furaha_wa_Bukavu

Jambo sana kwenu wote. Naona Ecuador hakuna mwenye kuitetea, basi acha mimi niitetee. Niko Montréal, tulienda sisi wanne, watoto wawili, bwana yangu, na mimi.

Mzee wa Marangu amesema vitanda. Basi sikiliza vitanda yetu: Quito 2,850, kisha Baños 1,800 hivi, kisha Puyo, kisha Tena mita 500, kisha tukarudi Quito kwa kupitia Papallacta. Ni duara. Hakuna siku tulilala juu ya Quito. Barabara ya lami, basi za kila saa, pesa ni dola ya Marekani tangu 2000, hakuna hesabu ya kichwa. Kutoka Baños kwenda Puyo unateremka pembeni ya mto na maporomoko kila kona, watoto walishuka kipande kimoja na baiskeli. Papallacta ni maji ya moto ya volkano, uko 3,300, unaoga saa tatu ukiangalia ukungu, jioni unateremka kulala. Na Cotopaxi ukiiona siku ya jua, bwana yako atacheka: mita 5,897. Kilimanjaro ni 5,895. Wamewapita kwa urefu wa mlango.

Upande wa Tena ni Wakichwa, watu wa asili wa msitu ule. Tulilala kwa familia yao mtoni Napo, mto ule ule Mhispania Orellana alipitia 1541 akishuka kwenda Amazon. Saa kumi ya usiku wanaamsha watu kunywa guayusa, chai yao ya majani, pamoja na kusimuliana ndoto. Watoto wangu walisimulia ndoto zao kwa Kifaransa, mama yule akatafsiri kwa uso tu. Saa sita wakatuletea samaki iliyochomwa ndani ya majani, muhogo pembeni. Muhogo! Ulitoka huko huko kuja kwetu, na wanaumenya kwa kisu kile kile, mkato ule ule. Kisha sahani ya funza za mchikichi kwenye kijiti. Wazungu tuliokuwa nao wakapiga picha. Mimi nikala sita. Huko juu mlimani wanachoma simbilisi, na sisi Kivu tunafuga simbilisi chini ya kitanda tangu utoto. Nilimwambia bwana yangu, tumelipa tiketi yote hii kuja nyumbani.

Misahuallí kuna nyani wadogo kwenye uwanja wa mji, wanaiba. Waliiba kofia ya kijana wangu na biskuti za polisi.

Ubaya nao niseme: Januari 2024 rais wao alitangaza hali ya vita na magenge. Shida kubwa iko upande wa pwani, Guayaquil na Esmeraldas, sisi hatukuguswa, lakini usiku hatukutembea na hakuna aliyetushauri tutembee. Na barabara ya kwenda Cuyabeno, jihadhari. Mwaka 2020 poromoko la San Rafael lilimezwa na ardhi, na tangu hapo mto Coca unakula kingo zake na barabara pamoja. Inakatika, wanaihamisha, inakatika tena. Ndiyo maana tuliishia Tena.

Chizi_wa_Stendi

Funza sita. Dada wewe ni jeshi.

KasukuMwekundu

Furaha kanishawishi hata mimi. Kwa hesabu ya vitanda Ecuador inashinda, nakubali. Ila Julai upande ule wa msitu wa Ecuador bado mvua ni nyingi, wakati Manu na Rurrenabaque ni kiangazi. Ingawa kiangazi hicho kina mwizi wake anaitwa friaje: upepo wa baridi kutoka kusini kabisa unaingia msituni siku mbili tatu, joto linaanguka ghafla na wanyama wote wanajificha. Beba sweta hata kama watu wanakucheka.

Bin_Saidi

Na Bolivia ipo njia ya vitanda ambayo sikuitaja. Unatua Santa Cruz badala ya La Paz, ni mita mia nne tu. Unapanda Samaipata, 1,600, kuna mwamba mkubwa uliochongwa na watu wa kale, na ubavuni ni hifadhi ya Amboró, msitu wenye makangaga (fern) makubwa ya kijani kama miavuli. Milima na msitu vinakutana hapo. Hakuna anayeumwa kichwa. Lakini hakuna Machu Picchu, na picha iko mlangoni.

Chakula kwa Waislamu, kama linakuhusu: nyama niliiacha kote. Samaki wa mito, mayai, kwinoa na viazi vya kila rangi, hatukulala njaa.

MamaTatu

Wakuu nimewaelewa. Tumekaa kikao jana na mkubwa kapiga kura mara mbili. Ni Peru, kwa mpango wa Mgumu: tukitua Cusco tunateremka Ollantaytambo siku hiyohiyo, siku nne huko pamoja na Machu Picchu, ndipo Cusco siku tatu, kisha Manu ukanda wa nje kwa barabara. Mlima wa rangi, Vinicunca, nimeufuta, mita 5,000 na mtoto wa chekechea hapana. Titicaca nimeifuta pia, kulala 3,800 sina sababu. Ecuador nimeiandika mwaka kesho, Furaha utanipa namba ya yule mama wa guayusa faraghani.

Swali la mwisho: tutapita Paucartambo tarehe 15 au 16 Julai. Kuna tatizo?

KasukuMwekundu

Tatizo! Dada, tarehe 16 ni sikukuu ya Mamacha Carmen, yaani Bikira Maria wa Karmeli. Mji mzima unacheza siku tatu nne, vyumba vimekodishwa tangu mwaka jana, watu wanalala sakafuni. Usibadilishe hata siku moja. Tafuta hata godoro.

MamaTatu: MREJESHO, 2 Agosti

Nimerudi wakuu, mbu wamenila ila nipo.

Mgumu, tulifanya kama ulivyosema. Kutoka uwanjani Cusco njia ya Chinchero inapanda kwanza hadi 3,700 na ushei kabla ya kushuka, na pale juu kichwa changu kilianza kama mtu anagonga mlango. Tulipofika Ollantaytambo nililala saa kumi na moja jioni, nikaamka mzima. Ndiye mimi peke yangu niliyeumwa. Watoto hawakuguswa. Baba yao hakuguswa hata kidogo, na sasa hakai kimya.

Machu Picchu nzuri kama picha. Nilichokumbuka zaidi ni kurudi kwa miguu kando ya reli, Kasuku ulikuwa sahihi, mdogo alihesabu mataruma hadi mia tatu halafu akaanza upya kwa Kiswahili kwa sababu namba za Kiingereza "zimemchosha".

Paucartambo tulilala wanane chumba kimoja na familia ya Arequipa. Mchana wa tarehe 16 tumesimama kwenye kona, saqra, wachezaji waliojifanya mashetani, wanaruka juu ya mapaa wamevaa pembe, mdogo kajificha kwenye koti langu. Kisha kikaja kikundi kingine kinatembea polepole, vinyago vyeusi, midomo mikubwa, wengine wameshika minyororo. Wanaimba kwa sauti ya chini ya huzuni. Inaitwa Qhapaq Negro. Bibi wa ile familia akatuambia ni ngoma ya kuwakumbuka watumwa Waafrika waliofika huko. Watu wawili watatu wakageuka kututazama sisi, si kwa ubaya. Mkubwa wangu akaniuliza, "Mama, hao ni sisi?" Nikamwambia kwa namna fulani ndiyo. Akatoa simu apige picha, akairudisha mfukoni. Alikaa kimya hadi Acjanaco. Bin_Saidi, nilikukumbuka na kijiji chako cha Tocaña.

Barabara ya mawingu sitaieleza, Kasuku kaimaliza. Tunki tuliwaona kumi na wawili. Jike hakuja.

Friaje ilikuja. Usiku wa pili mtoni nyuzi 12, kule mliposema joto la Mombasa. Tulivaa kila kitu tulichokuwa nacho, kambini wakatugawia mablanketi yenye harufu ya moshi. Asubuhi ya kasuku na udongo hakuja hata mmoja, tulikaa saa tatu kwenye kibanda tunatazama ukuta wa matope. Siku ya tatu jua likatoka na wakaja kwa kelele, wawili wawili, wekundu na buluu, wanatua, wanashtuka na kivuli, wanaruka wote, wanarudi. Baba yao alisema ni kama stendi ya Ubungo enzi zile.

Nyoka hatukuona. Wa pili amenuna hadi leo. Na anayepanga kwenda na watoto wadogo: buti za mpira wanaazimisha kambini, ila ndogo kabisa ilikuwa namba 35. Mdogo alibebwa matopeni siku tano, na hakuficha furaha yake. Nunua kabla.

Mgumu_wa_Marangu

Umefanya vizuri mama. Msalimie mzee wa 2006, mwambie nafasi ya kubeba mizigo ipo.

Chizi_wa_Stendi

Na hela ya harusi ilibaki?

MamaTatu

Kadi ya mchango ilitukuta uwanjani Lima: harusi Muheza, tarehe 20 Desemba. Wameandika "familia ya watu watano".